Karani mmoja, kazi zote za fedha: anzia hapa

Mwalimu mkuu, nimekuelewa: karani wako mmoja anapokea michango ya chakula, anaandika daftari la fedha na kupeleka benki mwenyewe, na bajeti ya kuajiri wa pili hakuna. Niliongoza shule ya hivyo hivyo.

Anza na taarifa ya benki. Ichukue mwenyewe kila mwezi, uilinganishe na daftari mstari kwa mstari kabla karani hajaigusa. Kwetu nakala ya kaboni ya stakabadhi, ile inayobaki kitabuni, ilisomeka 15,000, mzazi akaja na stakabadhi yake ya 50,000, namba ile ile. Tangu siku ile vitabu vya stakabadhi nilivifungia kabatini kwangu, nikitoa kimoja kimoja kwa saini. Fedha iliyopokelewa leo iende benki kesho asubuhi, isinunue mahindi kwanza.

Hundi ziwe na watia saini wawili. Tafadhali usisaini hundi tupu hata ukiwa na safari! Magunia ya stoo ahesabu mjumbe wa kamati ya shule.

Ukikuta pengo, usimhoji karani peke yako wala usirekebishe vitabu. Vifungie, umwite mkaguzi wa ndani wa halmashauri.