Jibu: Kikundi chetu cha viumbe na mimea Pemba kimekwama, hatuna mtaalamu

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umesema kikundi chenu hapo Wete kimekaa miezi bila kuandika hata mti mmoja, mnasubiri mtaalamu kutoka nje. Tazameni kwanza hili: shehiani mwenu nani anajua majina ya miti na viumbe?

Sisi, katika kikundi chetu, tulianzia kwa sheha, kiongozi wa shehia. Akatutajia mkwezi wa minazi, mganga wa mitishamba na bibi mmoja anayeokota chaza. Mkwezi ndiye aliyetufungua macho. Popo wa Pemba, ambaye hayuko kwengine duniani, mchana hulala akining'inia mitini, na mkwezi hujua wamehama mti upi na lini, maana huko juu ndiko kazini kwake. Bibi naye hakosei kombe hata moja. Andikeni majina yao ya Kipemba kwanza, ya kisayansi yatafuata. Na daftarini waandikwe kuwa wao ndio wenye elimu hiyo, msiwaite wasaidizi. Hili nalishikilia sana, kwa sababu bibi alipoona jina lake limeandikwa, wiki ya pili alituletea shoga zake watatu.

Kisha nendeni Kidike mkaone wanakijiji wanavyowalinda popo na kupokea wageni. Ngezi pia, mkatembee na waongozaji wa msitu wawaonyeshe mpapindi, mti wa jamii ya minazi.

Fedha si kikwazo cha sasa. Daftari moja na simu ya kupigia picha vinatosha. Mkifika miti thelathini, leteni hapa picha za ile iliyowashinda, tuitazame pamoja.