Jibu: Shilingi ya simba ya 1942, mbona madaraja yamepishana?

Ndugu, unauliza kwa nini watu wawili wanaopima ubora wa sarafu wameipa shilingi yako ya zamani ya Afrika Mashariki, yenye picha ya simba, madaraja tofauti: mmoja ameiita "karibu mpya", mwingine akagoma kuipa hata namba ya ubora. Nahisi imesuguliwa. Igeuzegeuze taratibu chini ya taa moja: mng'ao wa asili huzunguka na mwanga. Ukiona vistari vyembamba vimelala upande mmoja, kuna mtu aliipitishia kitambaa au dawa ya meno. Kwenye kipimo cha ubora wa sarafu, cha 1 hadi 70, sarafu ya hivyo mara nyingi hunyimwa namba hata kama manyoya ya simba yamekamilika.

Manyoya nayo hudanganya: chapa ikigongwa kwa ulegevu kiwandani, hutoka bapa bila kuchakaa. Palipochakaa kweli, mng'ao hufifia.

Tuwekee picha za pande zote mbili, mwanga wa pembeni, bila flashi. Na tafadhali usiioshe!