Laki moja mliyonipangia

Shoga yangu, sauti uliyonitumia Jumatano nimeisikiliza mara tatu. Nimefurahi, wallahi. Mwenzetu aliyekuwa akikaa dirishani katoka Makka salama, yule wa Likoni katolewa mtoto wa jicho na sasa anasoma gazeti mwenyewe, na mjukuu wako kahitimu palepale Tudor tulipokuwa tukigonga taipu, ingawa siku hizi si Politekniki tena, ni Chuo Kikuu cha Kiufundi. Mashaallah. Kisha ukafika kwenye biriani ya miaka 50 tangu tumalize, 1975 hadi 2025. Kila mtu elfu tano, mimi laki moja. “Wewe si uko kwenye pauni, na nyumba yako London.” Nyuma yako nikawasikia wanacheka.

Kwanza, niko Leicester, si London. Nyumba sina, nina chumba.

Nilikuja 2001, nina miaka 47. Miaka saba ya mwanzo sikuwa na karatasi, nikifanya kazi kwa jina la mtu, naye akikata chake kila Ijumaa. Karatasi zilipotoka 2008 nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Kumbe huku pensheni huhesabiwa kwa miaka uliyochangia. Chini ya 10 huna chako, na ukiitaka kamili uwe na 35. Nilipofikia umri wa kupewa, 2020, nilikuwa na 12. Ile saba ilikwenda na jina la yule mtu, labda yeye ndiye anayeila. Pensheni kamili mwaka huu wa 2025 ni pauni 230 na ushei kwa wiki. Yangu haifiki 80, na chumba kinapita hapo.

Najua utasema: si urudi, pauni 80 kila wiki Mombasa utaishi kama bibi harusi. Hesabu hiyo nimeipiga sana. Pensheni ya huku huongezwa kila mwaka, lakini Kenya haimo katika nchi ambazo mstaafu akihamia huendelea kuongezewa. Nikija kukaa, zitabaki hizohizo mpaka mnizike, unga upande usipande. Nikikaa huku, serikali hunijazia kilichopungua, ila nikizidisha wiki 4 nje wananikatia. Na nikifanya kazi, wanapunguza. Kwa hivyo ningeweza kukaa kitako, nijaziwe, nile, nilale. Lakini aliyejaziwa hatumi kitu, na mimi nina dada na dawa zake za sukari, na kijana wake bado yuko shule. Ndiyo sababu, na miaka yangu 71, nakesha kazini siku nne kwa wiki.

Mwajua kazi yenyewe? Mliambiwa nesi. Aliyewaambia ni mimi, na ile picha ya gari, gari lilikuwa la jirani. Mimi nawaangalia wazee. Nawageuza, nawaosha, nawabadilisha nepi. Yupo bibi mmoja wa miaka 74, rika letu hilo, kila nikimfunga vifungo huniuliza yule msichana wa kazi atakuja saa ngapi. Msimamizi wangu ana miaka 24, huniita jina langu kavu bila hata Mama, na hunipimia dakika 15 kwa kila mzee.

Usiku ule alipofariki yule mwenzetu mwingine, nilikuwa nimemlaza bibi huyo ubavu, mkono mmoja nimemzuia asianguke, mwingine una sabuni. Simu ikatetemeka mfukoni, na kuitoa haturuhusiwi. Nilipovua glovu saa mbili asubuhi, kwenu saa tano, mlishamzika Kikowani tangu saa nne. Nikakaa matanga yangu kituo cha basi, kama dakika kumi hivi. Basi likaja, nikapanda.

Sasa mjukuu wako. Umesema anataka kuja. Asije. Ana cheti na bandari iko mlangoni pake, aje kutafuta nini? Mwambie nimesema mimi. Lakini mtoto wa Mombasa namjua, akishazoea kutazama meli zinatoka Kilindini moyo hukaa safarini. Basi akija, aje na viza yake na jina lake, la mtu asilivae hata siku moja, hata akiwa na njaa. Koti asinunue sokoni Kongowea, yale ya huko ni ya mvua. Langu la zamani lipo. Mapokezi niachieni mimi, na kulala kitanda kimoja kitatutosha, yeye usiku, mimi mchana. Asitume pesa kwa kila anayelia, watammaliza. Mamake lakini asimruke hata mwezi mmoja, nitamkasirikia.

Mchango wangu andika elfu tano kama wengine. Haya, andika kumi, lakini mwisho wa mwezi. Siku yenyewe unipigie kwa video, unizungushe pole pole, nione kama ule mwembe ungalipo, kisha uniachie simu mezani mkila, nisikie kelele tu. Na huyo aliyenipangia laki, nimemjua kwa kicheko. Mwambie kitabu changu cha hatimkato alichokiazima wiki ya mtihani bado nakingoja.