Jibu: Nusu ya peni ya Uingereza, ninunue au niache?

Mkuu, umeuliza kama hiyo nusu ya peni ya fedha yenye msalaba nyuma ni mbovu. Hapana, haikuvunjika, ilikatwa makusudi. Enzi hizo, karne ya 12 na 13, aliyetaka chenji aliikata peni kwa kufuata msalaba, ikawa nusu au robo. Nusu na robo za mviringo zilianza kutolewa kwa wingi baada ya Mfalme Edward I kubadili sarafu mwaka 1279.

Jina HENRICVS (yaani Henry, kwa Kilatini) kwenye sarafu lisikuchanganye. Peni zote za msalaba mfupi, 1180 hadi 1247, zina jina hilo, hata zilizotolewa Richard na John wakiwa wafalme! Ndiyo maana mimi huangalia kwanza upande wa nyuma, kwenye jina la fundi aliyeitengeneza na mji wake. Mwaka 1247 msalaba ulirefushwa hadi ukingoni, maana wajanja walikuwa wakikata fedha pembeni kidogo kidogo.

Ipime. Peni nzima ilikuwa kama gramu 1.4, hivyo nusu isipungue sana 0.7. Na tafadhali usiisugue. Mimi yangu niliiharibu kwa dawa ya meno, hadi leo naona aibu kuionyesha.