Majibu kwa Wasomaji: "Bibi, Mbona Punda Hatembei?"

SWALI: Mhariri wa safu hii, sijui nikuamkie au nikusubiri uniamkie, kwa kuwa sijui umri wako. Mimi ni bibi wa miaka 52, mkazi wa Nzuguni hapa Dodoma. Ninacho kitabu cha picha ambacho marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, aliniletea kutoka safarini mwaka 1981. Jalada lilikwisha kung'oka zamani, kwa hiyo sijui jina lake wala aliyekiandika. Ni kisa cha punda anayebeba maji. Baba alinisomea kwa Kiswahili, kisha akirudia kwa Kigogo ili mama naye afuatilie. Juzi nilikitoa sandukuni nikamsomea mjukuu wangu wa miaka minne na nusu. Alitazama kurasa mbili, hata koroboi iliyochorwa hakuijua, akamgusa punda kwa kidole kama anavyogusa simu ya mama yake, akaniuliza, "Bibi, mbona punda hatembei?" Kisha akaenda zake nje kucheza. Binti yangu anasema kitabu kimechakaa, nimnunulie mtoto kipya. Je, nikirudishe sandukuni? Na nikiendelea kumsomea, nifanyeje asikichane?
— Bibi wa Nzuguni

JIBU: Shikamoo, bibi. Umri wangu hauufikii wako, kwa hiyo salamu ni haki yako.

Nianze na swali la mjukuu, kwa sababu naona limekuumiza zaidi ya inavyostahili. Mtoto huyo hakukidharau kitabu. Amezoea picha zinazojiendea zenyewe, na safari hii amekutana na picha inayomtaka yeye aiendeshe. Aliigundua tofauti hiyo mara moja akaisema, wakati wengi wetu tungeipita bila kuiona. Siku nyingine akiuliza, mrudishie swali: wewe unadhani kwa nini amesimama? Amechoka? Madebe yamejaa mno? Kuna nini mbele yake ambacho mchoraji hakukichora? Watoto wa umri wake hufurahia kuulizwa na kujibu kuliko kukaa kimya wakisomewa, na kitabu kilekile kikirudiwa jioni kadhaa majibu yao hurefuka mpaka kisa kinakuwa nusu cha kitabuni na nusu chao. Ruhusu hayo yatokee, hata kama punda wa baba yako atajikuta amepanda bodaboda.

Nasema haya kwa kuwa nimewahi kuharibu. Mpwa wangu alipokuwa na miaka mitano nilimketisha na kitabu nilichokipenda utotoni, nikawa namtangulia kila ukurasa: subiri uone, hapa ndipo patamu, hapa mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi. Hakucheka hata mara moja. Alichokuwa akikitazama ni kuku mdogo aliyechorwa pembeni, asiyehusika kabisa na kisa, nami nikakiondoa kidole chake hapo na kukiweka kwa mhusika mkuu. Kitabu kile hakukigusa tena, na sikuweza kumlaumu. Nilitaka apende kumbukumbu zangu, ilhali yeye alikuwa ameshapata kuku wake.

Kuhusu koroboi, usimtolee somo la maisha ya zamani. Mtafutie kopo tupu na kipande cha kitambaa, umwonyeshe utambi ulivyopitishwa katikati ya kifuniko, bila mafuta ya taa wala kiberiti, na yatosha. Kwa upande wa punda una bahati ambayo bibi wa Dar es Salaam hana, maana hapa Dodoma punda wa kubeba maji bado tunapishana nao barabarani, na mnada wa Msalato haupo mbali nawe. Mpeleke akamwone punda anayetembea, asikie anavyolia, aone madumu yalivyofungwa huku na huku ili uzito ulingane. Jioni ileile, kabla vumbi la safari halijaoshwa miguuni, kifungue kitabu kwenye ukurasa aliouacha. Kigogo nacho usikiache. Huna haja ya kutafsiri kila sentensi kama alivyofanya baba yako, kwa sababu yeye alikuwa na msikilizaji aliyekihitaji. Wewe wape tu wahusika salamu: punda akikutana na mtu njiani, mtu yule aseme "Mbukwenyi!" kwa sauti nzito. Hilo moja mtoto atalidaka, na atakuja kulisema kwa wageni.

Sasa nije kwa binti yako, ambaye naye ana hoja. Kitabu cha miaka zaidi ya arobaini hakifai kuwa mikononi mwa mtoto wa miaka minne kila siku, na bibi anayesoma huku akipiga kelele "polepole, utachana!" humfundisha mtoto kwamba vitabu ni vitu vya kuogopwa. Ushauri wangu ni kwamba kitabu hicho kiwe viwili: kimoja cha sandukuni, kingine cha mkekani. Kipeleke steshenari yenye mashine ya rangi, au mwombe binti yako apige picha kila ukurasa kwa simu, kivulini, mnamo saa nne asubuhi, bila kuwasha taa ya kamera, kitabu kikiwa kimelala juu ya kitambaa cheusi. Chapisheni kwenye karatasi nene, mshone kwa sindano na uzi katikati ya mkunjo. Kwa kuwa jalada halipo, mjukuu na achore jalada jipya na akipe kitabu jina. Nakala hiyo ni yake: ailalie, aipake uji, aichoree punda miwani. Ikiisha mtachapisha nyingine.

Kile cha asili kinahitaji uangalifu. Vitabu vingi vya aina hiyo hubanwa kwa pini mbili za chuma, na pini zikishika kutu huila karatasi kuzunguka tundu. Zikunjue polepole kwa kisu butu, uzitoe, kisha upitishe uzi mweupe wa pamba kwenye matundu yaleyale. Usitumie selotepu kabisa, kwa kuwa baada ya miaka michache hugeuka njano, gundi yake huingia ndani ya karatasi, na huko haitoki. Palipochanika, bandika kipande cha karatasi nyembamba kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa ukawa mzito kama uji, uipake kidogo sana na uiache ikauke vizuri, maana mende hupenda wanga huo kuliko unavyodhani. Hewa kavu ya Dodoma inakusaidia dhidi ya ukungu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Adui wako mkubwa ni mchwa, ambaye hupanda kwa njia ya ukuta na sakafu. Kwa hiyo sanduku likae juu ya meza au stuli, lisiguse ukuta, na ulifungue kila baada ya wiki chache ukague. Kitabu kikae mbali na jua, kwani mwanga ndio unaozidisha unjano wa karatasi za bei nafuu. Vile vidonge vyeupe vya naftalini usiviweke humo, kwa sababu ni sumu, na kwa macho ya mtoto vinafanana mno na pipi.

Kipya pia nunua. Hakuna ugomvi kati ya hivyo viwili.

SWALI: Nilisoma shule ya msingi wilayani Kondoa katikati ya miaka ya tisini. Maktaba yetu ya kabati moja ilikuwa na kitabu cha hadithi chenye picha ambacho ningependa kukipata kwa ajili ya wanangu, lakini jina nimelisahau. Nianzie wapi?
— Baba wa Wawili

JIBU: Anza na ulichonacho kichwani: andika kila picha unayoikumbuka, rangi zake na majina ya wahusika, kabla wengine hawajakuchanganya kwa kumbukumbu zao. Miaka hiyo ni dokezo zuri. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991 ili kuwasaidia wachapishaji wa hapa nchini kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto na kuvifikisha shuleni, na vitabu vingi vya hadithi vya makabati kama lenu vilitokana nao, waulize kwanza. Pili, wachapishaji wanatakiwa kisheria kuwasilisha nakala za vitabu vyao kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa hiyo ukipita Dar es Salaam ingia Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ukiwa na maelezo yako mkononi. Hapa Dodoma waulize wakutubi wa maktaba ya mkoa. Wauzaji wa vitabu vya mitumba nao huwa na macho makali kuliko orodha yoyote, ila waonyeshe mchoro, usiwaeleze kwa maneno matupu. Usipokipata mwezi huu, wachoree wanao ile picha unayoikumbuka vizuri zaidi, hata kama mkono wako si wa mchoraji, halafu wao waseme kilichofuata.

SWALI: Mimi ni mwalimu Mpwapwa. Nimepiga picha kurasa zote za kitabu nilichokipenda utotoni. Naweza kukituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi zaidi ya mia mbili?
— Mwalimu

JIBU: Hapana, mwalimu, usikitume bila ridhaa ya wenyewe. Nakala inayobaki mkekani kwa bibi ni jambo moja, na kukisambaza kwa nyumba mia mbili ni jambo jingine. Chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na mchoraji naye ana haki yake katika michoro. Mwandikie mchapishaji, wengine hukubali, na wengine hugundua kumbe kitabu bado kinatafutwa wakakichapisha upya. Wakati ukisubiri, African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Afrika Kusini, una hadithi za picha kwa Kiswahili zenye leseni inayoruhusu kuzichapisha na kuzigawa bure. Hicho chako njoo nacho kwenye kikao cha wazazi, ukisome mwenyewe mbele yao.