Kalafati ya Mzizi wa Jino: Kwa Wadogo Zangu Mlioripoti Mtwara

Karibuni Mtwara. Ukipata Jumamosi ya mapumziko, panda kivuko uende Msangamkuu. Ukikuta chombo kimepandishwa mchangani kwa matengenezo, simama umwangalie fundi anavyotia kalafati. Anasokota pamba, anailoweza mafuta, anaipachika kwenye upenyo kati ya mbao mbili, anagonga kidogo kwa patasi butu, anaongeza uzi mwingine, anagonga tena. Pamba ikijaa juu tu, anaifumua. Chuoni nilifundishwa kuziba mzizi wa jino kwa slaidi, lakini somo lilinikaa nilipomtazama fundi kama huyo.

Gutapacha, vile vijiti tunavyojazia mfereji ulio ndani ya mzizi, peke yake haizibi kitu. Asili yake ni utomvu wa mti wa kusini-mashariki mwa Asia, na katika kijiti tunachonunua utomvu wenyewe ni kama sehemu moja ya tano tu. Kilichobaki kwa wingi ni zinki oksaidi. Haishiki ukuta wa jino. Kinachoziba upenyo ni sila, ule uji tunaopaka. Kazi ya gutapacha ni kujaza nafasi ili uji ubaki mwembamba, kwa sababu uji mwingi husinyaa, na aina nyingine huyeyuka polepole. Kwa hiyo pamba iwe nyingi, mafuta kidogo.

Anza na kijiti kikuu. Ukisafisha mfereji mpaka faili (kile chuma chembamba cha kukwangulia) namba 30, kijiti cha namba 30 kifike urefu ule ule uliopima, milimita 0.5 hadi 1 kabla ya ncha ya mzizi kwenye picha, na ukikivuta kikatae kidogo kutoka. Kile kukataa ndicho unachokitafuta. Kikiishia juu ya kipimo, usikisukume: mara nyingi chini kuna unga wa jino uliojipakia, osha tena. Kikipitiliza, kata ncha. Vijiti vya kawaida vinanenepa milimita 0.02 kwa kila milimita ya urefu, kwa hiyo ukikata milimita moja, ncha ya milimita 0.30 inakuwa 0.32. Piga picha kijiti kikiwa ndani kabla hujachanganya chochote. Filamu moja si hasara ukilinganisha na mgonjwa anayekuja kesho akisema mdomo wa chini umekufa ganzi kwa sababu uji umesukumwa hadi kwenye mshipa wa fahamu.

Kabla ya kuziba, loweka vijiti dakika moja kwenye haipokloraiti, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 5.25, kisha visuuze. Na vikague. Gutapacha huzeeka kwa mwanga na hewa, ikawa kavu kama jani la mnazi. Niliwahi kuuziwa boksi ambalo kila kijiti nilichokikunja kilikatika. Kikunje kabla, si ndani ya mfereji. Boksi likae mahali pa giza na baridi, wala lisilale kwenye gari.

Sasa sila. Wengi mtaanza na ile ya zinki oksaidi na yujenoli, ambayo ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu; mgonjwa akiingia tu anasema chumba kinanukia pilau. Uji huu hugandishwa haraka na joto pamoja na unyevu, na hapa pwani tuna vyote viwili. Muda ulioandikwa kwenye boksi haukupimwa Mtwara mwezi Desemba. Mgeni akishaona uji umeganda mara mbili, anakwenda kuweka kioo cha kuchanganyia kwenye friji. Nami nilifanya hivyo. Kioo kikitoka baridi sana kinatoa jasho, na yale matone ndiyo yanaharakisha kuganda zaidi. Kipoze kidogo tu, kikaushe, uchanganye unga kwa mafungu madogo. Ukiinua mwiko, uji uvutike kama uzi wa sentimita mbili hivi kabla haujakatika. Ukidondoka mapema, ongeza unga.

Paka uji kiasi, ingiza kijiti kikuu, kisha spreda, kile chuma chenye ncha cha kukibana kijiti ukutani, pembeni yake, ishuke mpaka milimita 1 au 2 kutoka mwisho. Isipofika huko, unaziba juu tu. Sukuma kwa vidole, si kwa bega, mizizi hupasuka. Itoe kwa kuizungusha huku na huku, weka kijiti kisaidizi, rudia mpaka spreda isiingie zaidi ya theluthi ya juu. Ukikata vichwa vya vijiti kwa chuma cha moto, zima feni kwanza. Nimeona moto wa taa ya spiriti ukizimika mara tatu kwa mgonjwa mmoja, na chuma vuguvugu hakikati, kinavuta vijiti vyote vikatoka.

Mtasikia habari za sila za bayoseramiki, uji wa aina ya saruji, zinazotumiwa na kijiti kimoja tu. Ni nzuri, na huganda kwa kutumia unyevu wa jino lenyewe, kwa hiyo usikaushe mfereji kupita kiasi. Lakini bei yake inauma, na kufukua kazi hiyo baadaye ni shughuli. Jifunze kwanza kwa spreda.

Nimalizie na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimziba baba mmoja wa Tandahimba gego la chini. Picha ilitoka safi, nikawaonyesha wenzangu. Juu nikaweka kijazio cha muda, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Ilikuwa Oktoba, korosho zinaanguka. Alirudi Machi, kipele cha usaha kwenye fizi. “Daktari, jino lilitulia kabisa, nikaona halina neno.” Kijazio kilishakwisha, gutapacha zinaonekana kwa macho. Nilifukua yote. Mwaka 1995 Ray na Trope walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ubora wa kijazio cha juu ulihusiana zaidi na afya ya ncha ya mzizi kuliko hata ubora wa kuziba mzizi wenyewe. Niliusoma baada ya Machi ile.

Tangu hapo, mgonjwa wa mbali haondoki bila glasi ayonoma, kijazio kinachoshika jino, juu ya mifereji siku ile ile. Ukiweka komposaiti, kijazio cha rangi ya jino, futa kwanza yujenoli yote kwa spiriti, maana inaizuia isikomae. Na kwenye kadi usiandike “amemaliza” kama gego bado linasubiri kifuniko. Wagonjwa wa huku wanasoma kadi zao, na akiliona neno hilo hutamwona tena mpaka msimu uishe.