Golf 2 iliyoshushwa: usimruhusu fundi aondoe kidhibiti cha breki za nyuma

Usilipe. Kama bado hujampa fundi fedha za diski za milimita 256 na kalipa (vibanio vya pedi za breki) za Golf 4, zirudishe mfukoni kwanza. Umeeleza kwamba Volkswagen Golf 2 GTI yako imewekewa injini ya VR6, yaani ya silinda sita, imeshushwa kwa springi fupi, haina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), na kwamba unahisi breki za nyuma hazishiki, kwa hiyo unataka diski kubwa pamoja na ushauri kuhusu pedi, waya wa breki ya mkono na rimu. Kilichonishtua ni jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: fundi amekuahidi kwamba atakiondoa kile kidhibiti cha presha kilicho karibu na ekseli ya nyuma, kwa sababu "kinazuia breki". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi katika gereji moja ya Kamalondo, Lubumbashi, tena kwa sauti ya mtu asiyeulizwa maswali.

Ni kweli kinazuia breki, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ukikanyaga breki kwa nguvu, pua ya gari huinama na mkia huinuka, hivyo uzito unahamia mbele na tairi za nyuma zinabaki zikiigusa lami kwa wepesi. Kidhibiti kina mkono mdogo ulioshikwa na springi iliyofungwa kwenye ekseli: mkia ukiinuka, springi hulegea na presha ya kwenda nyuma hupunguzwa. Gari likipakiwa mizigo, bodi hushuka, springi huvutika na presha ya nyuma huongezwa. Sasa fikiri gari lako lililoshushwa. Kidhibiti hakijui kwamba umenunua springi fupi. Kinaona bodi imekaribia ekseli na kuamini kwamba umebeba magunia ya unga hadi darini. Kwa hiyo tayari nyuma pengine panapokea presha zaidi kuliko inavyotakiwa, kabla hata ya kubadilisha kitu chochote, na wewe unapanga kuongeza diski ambayo kipenyo chake ni kikubwa kwa milimita 30 kuliko ile ya asili ya milimita 226. Juu ya hayo, VR6 ni nzito na imekaa puani. Ukiwa umeng'oa na viti vya nyuma, kama wafanyavyo wengi, huko nyuma kumebaki upepo.

Mimi nilikubali kiondolewe. Ndani ya mji sikuona tatizo lolote, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu breki za mwendo mdogo hazihamishi uzito wa kutosha kukufichulia siri. Nilimpigia fundi simu kumshukuru, jambo ambalo naomba libaki kati yetu. Kisha, kwenye barabara ya Likasi, mchana mkavu, lori lililokuwa limeegeshwa pembeni likaingia barabarani bila taa. Nilikanyaga breki kama mtu yeyote angekanyaga. Magurudumu ya nyuma yakajifunga kwanza, mkia ukaja mbele, na kwa muda mfupi nikawa dereva pekee wa Haut-Katanga aliyeitazama Likasi na Lubumbashi bila kugeuza shingo. Tuliishia mtaroni, gari likiwa limepinda ekseli ya nyuma na kupasuka rimu mbili. Niliporudi kuangalia lami, kulikuwa na mistari miwili tu mieusi iliyopinda kama mundu, yote ya tairi za nyuma; za mbele hazikuandika kitu. Gharama yake ilitosha kununua injini nyingine.

Na yule fundi wangu? Alinijibu kwamba sikuwa nimezoea "breki za mashindano". Breki za mashindano gani, ilhali alikuwa ameunganisha mirija miwili kwa vipande vya shaba na kukitupa kidhibiti kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kikiwa bado kizima? Mtu anayeuza diski kubwa hana budi kukuambia kwamba nyuma panahitaji diski kubwa. Hilo naweza kulielewa. Nisichoweza kukisamehe ni kumwondolea mtu kinga kisha kumlipisha kazi ya kuiondoa.

Kwa hiyo shika jambo moja: magurudumu ya mbele lazima yajifunge kabla ya ya nyuma, siku zote. Ya mbele yakijifunga, gari huenda moja kwa moja na ukilegeza pedali usukani unarudi. Ya nyuma yakijifunga, hakuna usukani utakaokuokoa. Anza basi na breki za mbele, kwa kuwa ndizo zitakazoibeba VR6 hiyo. Kidhibiti kibaki, ila springi yake ilegezwe ili ilingane na kimo kipya cha gari, na presha ipimwe kwa geji mbili, moja kwenye kalipa ya mbele na nyingine kwenye ya nyuma ya upande wa pili, kwa sababu mirija ya Golf 2 imepishana: gurudumu la mbele la upande mmoja limeunganishwa na la nyuma la upande wa pili. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali kuuziwa vali moja ya kuzungusha kwa mkono ili kupunguza presha ya nyuma. Mfumo uliopishana hauwezi kutawaliwa na vali moja bila kupangwa upya.

Kalipa za Golf 4 ni nzuri, sikatai, lakini faida yake kubwa ni kukuondolea zile za zamani, ambazo huganda pale kwenye kalipa waya wa breki ya mkono unapovuta. Kagua hapo kwanza. Huenda ndiko kunakokufanya uhisi nyuma hakushiki. Habari za rimu tutazungumza siku nyingine. Leo ingia chini ya gari, upige picha ya kidhibiti na springi yake gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne, uniletee kabla fundi hajagusa spana.